Florfina na Makochi ya Kuazima

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tena. Leo tunamkumbuka Florfina Abucay wa Hilabago, hapa kisiwani kwetu Samar.

Florfina alikuwa mdadisi wa serikali. Alipita nyumba kwa nyumba na dodoso fupi. Paa la nini? Sakafu ya nini? Mna feni, mna friji? Kila jibu lina alama. Alama zikizidi, nyumba huhesabiwa kuwa inajiweza, na kadi ya matibabu inaondoka. Ndivyo ilivyo: alama zikizidi, kadi inaondoka.

Alipoanza kazi alimtembelea Bibi Simang, mjane anayelea mjukuu mwenye pumu. Akakuta makochi, feni inazunguka, televisheni inawaka. Akaandika alichokiona. Kesho yake akarudia mwavuli aliousahau. Lo! Sebule tupu.

"Bibi, mmeibiwa?"

"Tuibiwe nini, mwanangu? Vitu vimerudi kwa wenyewe. Ulitaka mgeni wa serikali nimkalishe chini? Majirani wangenisema mpaka nife!"

Dodoso lilikuwa limeshafika mjini. Florfina akaanza nenda rudi za ofisini, roho juu, akiwaza mtoto yule akibanwa kifua itakuwaje. Mwishowe alama zilirekebishwa, lakini yeye hakutulia tena. Tangu siku ile hakuingia nyumba ya mtu kwa mlango wa mbele. Alipitia jikoni, bila taarifa, akiomba maji ya kunywa.

Binti yake, Marivel, anakumbuka: "Tulimtania tukimwita mdoezi. Alituambia, watu wanapamba sebule, jikoni hawana habari napo."

Wasikilizaji, presha imemchukua Florfina. Amemwacha mumewe, Crisanto, mgonjwa wa figo. Crisanto husafishwa damu kwa kadi hiyohiyo. Bila kadi, hana njia nyingine.

Na msiba wa kwetu mnaujua. Jeneza likiwa sebuleni, majirani walileta makochi, feni, na friji ya vinywaji. Nyumba ikapendeza kweli. Katikati ya umati akaingia mdadisi mpya, kijana mwenye adabu zake, kwa mlango wa mbele. Akatoa pole. Akauliza, friji hii ni yenu? Crisanto akatazama waombolezaji, akajibu: "Ndiyo, ni yetu."

"Nilimvuta pembeni," anasema Marivel. "Nikamwambia, baba, unajiua! Akaniambia, mama yako amelala pale. Nimwite maskini mbele za watu?"

Mazishi yamepita. Friji imerudi kwa mwenyewe, makochi pia. Crisanto amekaa sakafuni anasubiri jibu la mjini, na kila pikipiki ikipita anashtuka.

Mzee Crisanto, Marivel, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize, aibu hii tunamfichia nani?

Nawe kijana uliyeandika, kama unatusikia, tunakuomba urudi. Pitia jikoni, uombe maji.