Feni Moja, Mita Nne

Ingieni ndani, wanangu, mkae. Msisimame mlangoni kama watu waliokuja kudai kodi. Wewe mkubwa, kaa hapo kwenye kigoda. Dada yako apite huku upande wa ukuta, na Msumari, kitinda mimba wangu, akae chini sakafuni, maana ndiko alikolala utoto wake wote na hakuna aliyemwonea huruma. Najua chumba kina joto. Naona mashati yenu yamekwisha kuloa na bado hamjakaa. Mimi nimelala humu tangu wiki iliyopita bila feni, lakini nina maneno ya kuwaambia, na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kuchezea, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho na mtu asinikatize. Mkitaka kugombana mtagombana nikishanyamaza.

Binti yangu, chukua kile kipande cha boksi unipepee. Taratibu, usijichoshe, maana sitasema upesi.

Mnakumbuka chumba hiki kilivyokuwa? Pengine wewe Msumari hukumbuki vizuri. Nyumba nzima ilikuwa vyumba viwili na uani, na kiangazi kilipoingia, pale kuta zinapoendelea kutoa joto hata jua likishazama, baba yenu alikuwa akitangaza mezani kwamba kesho tunahama. Tunahama kwenda wapi? Chumba cha pili, hiki hiki. Lakini mlibeba mikeka na mito kwa shangwe kama watu wanaosafiri, na wewe mkubwa ulikuwa unasimama hapo mlangoni unatukatia tiketi. Humu jua la mchana haliingii, kwa hiyo tuliishi humu sote, watu watano, feni moja, taa moja. Kule kwingine kulifungwa, na balbu ikatolewa kabisa mtu asije akashawishika. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mafriji, mafriji ya mtaa mzima yalipita mikononi mwake, na la kwake mwenyewe kila kiangazi alilichomoa kwenye umeme akaniachia niweke sahani. Wateja wake wakija kuomba maji ya baridi niliwachotea ya mtungini. Walikunywa huku wakimkodolea macho, naye anacheka tu, hana habari.

Mimi nilikuwa napiga pasi kwa dobi. Nilisimama kwenye mvuke kutwa nzima, nikanyoosha mashati ya watu nisiowajua, kisha nikarudi nyumbani na nguo zenu nyinyi sizigusi kwa pasi. Nilizikunja zikiwa na unyevu kidogo, nikazilaza chini ya godoro letu, na asubuhi zilikuwa zimenyooka. Tulipika alfajiri, mara moja kwa siku nzima, ili jiko lisituongezee joto juu ya joto. Mapazia yalishuka jua likichomoza na kupanda likizama. Maji mliyoogea niliyakinga kwenye beseni, yakafulia matambara, na mwisho yakamwagwa hapa sakafuni tukalala juu ya ubaridi wake. Siku moja binti yangu ulirudi kutoka shule unalia kwa sababu mwalimu alikuuliza gauni lako lina mistari ya nini mgongoni. Zilikuwa chaga za kitanda. Ukaapa kwamba ukikua utanunua pasi tatu. Nasikia unazo mbili sasa, na sikulaumu hata kidogo.

Na hiyo feni hapo pembeni mnaijua. Baba yenu aliiokota kwa mteja aliyekuwa anahama, kikapu chake akakifunga kwa waya, na shingo ikawa inazunguka huku na huku mpaka leo, kama ingekuwa na umeme. Mwanzoni mliipigania vibaya. Mkubwa uliishika shingo usiku ikutazame wewe tu, ikakwama, ikabidi baba yenu aifungue yote na kuifunga upya. Hakukupiga. Aliwalaza mstari mmoja akawaambia kila mtu ana zamu yake. Upepo ukikupitia, upokee, na ukiondoka usiukimbilie, umekwenda kwa mwenzio na utarudi. Basi mkajifunza kungoja. Nilikuwa nawasikiliza gizani, mmoja anasema "wangu," kidogo mwingine anasema "wangu," mpaka usingizi unawachukua na midomo bado inasema. Sikuwahi kuwa na raha kama ile maishani mwangu, wanangu, na wakati ule sikujua kama ni raha. Nilidhani tunavumilia.

Tulivumilia kwa ajili ya nini? Hilo ndilo linalonikondesha kuliko ugonjwa. Kila kiangazi tulichobana hivyo kilitupa kitu. Bati la ukumbini ni kiangazi kimoja. Madirisha ya mbele ni kingine, kile alichozaliwa Msumari. Chumba chako mkubwa, kile chenye sakafu nyekundu, ni viangazi viwili vya kulala tumebanana humu kama vibiriti, na chako binti yangu vilevile, na cha Msumari kilikwisha baba yenu akiwa tayari anakohoa. Tulikaa pamoja miaka yote hiyo ili kila mmoja wenu apate mlango wake. Tukawajengea milango, mkaifunga. Nimelitafakari jambo hili nikiwa nimelala hapa natazama dari, nimelipindua huku na huku, na sipati pa kulishika. Tungekula ile pesa, tukanywa maji ya baridi, tukawasha taa zote mpaka asubuhi, labda mngekuwa bado mnaongea.

Simlaumu mtu kwa kiyoyozi. Mkubwa ulikinunua kwa jasho lako, na mtu anayekata vioo vya madirisha juani kutwa ana haki ya kulala vizuri. Lakini bili ilipokuja ukasema tugawane, dada yako akasema yeye hajawahi hata kuionja baridi yenyewe, na wewe Msumari, ambaye hukuwa na ulimi hata wa kumfukuza kuku, siku hiyo ukasema neno ambalo sitalirudia. Ikaletwa mita yako. Ikaletwa ya dada. Ikaletwa ya Msumari. Yangu ikabaki ile ya zamani, ila ikageuzwa ya kulipia kabla, na kwa sababu mimi silipwi popote mkakubaliana mtaninunulia umeme kwa zamu. Zamu. Niliposikia neno hilo moyo wangu ulifurahi, nikasema walau kuna kitu baba yao alikiacha.

Sasa nitawaambia yaliyotokea, kwa sababu najua kila mmoja wenu anajua nusu yake tu. Umeme wangu uliisha wiki iliyopita, mchana, feni ikapunguza mwendo polepole ikasimama imemtazama nani sijui. Nikangoja. Mkubwa alipita ukumbini akaona kimya, akasema moyoni mwezi huu ni wa dada. Binti yangu ulichungulia, ukaona giza, ukasema ni wa Msumari, maana wewe ulinunua mwezi uliopita. Na Msumari ulijua ni wako, lakini ulijua pia kwamba kaka yako aliruka zamu yake wakati ule wa mvua na wewe ukaibeba, ukasema safari hii hujifanyi mjinga. Sivyo? Msijibu. Wote mna hoja. Nimewalea katika kubana, mmejua kubana, na mlipokosa cha kubana mkanibana mimi. Na hamkuwa na ubaya, hilo ndilo linaloniua. Mngekuwa watu wabaya ningewalaani nikapumua.

Mtaniuliza kwa nini sikuita. Sauti ninayo, ukumbi si mrefu. Sikuita kwa sababu nilitaka mmoja aje mwenyewe, siyo kwa zamu. Nikangoja kama mlivyokuwa mnangoja upepo. Aliyekuja ni Mama Barafu, jirani, mtu wa kuuza barafu kwenye mifuko. Aliona dirisha langu halina taa siku ya pili, akaingia na bakuli la barafu, akaniwekea kitambaa cha maji kifuani, akawa anakuja kila siku bila kuniuliza wanangu wako wapi. Nilimshukuru kwa kutoniuliza. Nyinyi mmekuja leo kwa sababu yeye ndiye aliyewagongea milango.

Nipe maji kidogo. Hapo panatosha.

Mali yangu ni ndogo, tusipoteze muda. Nyumba ni yenu watatu, sawasawa, na haina mkubwa wala mdogo. Pasi yangu ya mkaa na ile ya umeme mpeni dobi yule kijana aliyenirithi kwenye meza ya pasi, kama bado yupo. Vifaa vya baba yenu, geji ya kupimia gesi na mirija na lile koleo lake, vyote ni vya Msumari, kwa sababu ndiye aliyekuwa anamshikia tochi. Vyombo vya jikoni vya binti yangu. Wewe mkubwa nakuachia friji, na usicheke, lilifanya kazi vizuri siku zote, tulilizima tu. Deni langu ni moja: bakuli la Mama Barafu, lile jeupe lenye ua. Msimrudishie tupu. Mjazieni chochote, na mpeleke wote watatu kwa miguu yenu, msimtume mtu.

Halafu kuna ukuta. Mnatazamana? Mlidhani kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho sikusikia? Fundi mwashi alikuja juzi, nikamsikia anavuta utepe ukumbini, anakwaruza sakafu kwa chaki, na sauti zenu zikimwambia hapa, hapana, sogeza huku. Ni mara ya kwanza kuwasikia mnaongea pamoja tangu ile siku ya bili. Nilitoa machozi kwa kuwasikia, kabla sijaelewa mnaongea nini. Mnapima mahali pa kujenga ukuta wa kuugawa ukumbi, mama yenu bado anapumua nyuma ya mlango.

Nawaomba msiujenge. Nawaomba, siamuru, nguvu ya kuamuru sina tena. Na nawaomba kitu kingine kimoja. Nikiondoka, watu wakishatawanyika na viti vimerudishwa, msiende kila mtu chumbani kwake. Vuteni waya kutoka kwenye mita ya yeyote kati yenu, muiwashe feni hii, mlale humu, mstari mmoja, mpaka joto la mwaka huu liishe. Hamtaongea siku ya kwanza, najua. Laleni tu. Mpewe upepo, mnyang'anywe, mpewe tena.

Lakini nyuso zenu naziona. Mkubwa anatikisa kichwa kukubali, na ndivyo alivyokuwa akitikisa nilipomwambia asiishike shingo ya feni. Mtatoka hapa, mtaanza kuulizana waya utoke kwa nani, na kila mmoja atakuwa na hoja, na hoja zenu zote zitakuwa nzuri. Sina imani, wanangu. Ningependa kufa nikiwa na imani, watu wengi hufa nayo, lakini mimi nimepiga pasi miaka mingi na najua nguo ikishaungua hainyooshwi ikarudi. Nawaambia kwa sababu nisiposema nitakuwa nimenyamaza, na nimenyamaza wiki nzima.

Msininunulie sanda ya bei. Msikodi viti vingi. Mnizike asubuhi, kabla ya jua kali, watu wasichomeke kwa ajili yangu. Mapazia yashusheni.

Sogeeni. Mkubwa, leta mkono, na wewe Msumari, huo mwingine. Mungu awape riziki isiyowatenganisha. Awape wazee wenu... awape uzee wenye mtu wa kuwachungulia. Watoto wenu wawajie bila kuitwa. Niliyowakosea na mliyonikosea, yote yamekwisha, sina kinyongo na mtu. Radhi yangu mnayo, yote, na haigawanywi, kila mtu anayo nzima.

Mkono wako umechoka, binti yangu, nausikia. Usinipepee mimi peke yangu. Zungusha, kama ile. Mpitishie kaka yako hapo, umfikie Msumari chini, halafu urudi. Hivyo. Huo wangu.

Umekwenda. Sawa, nangoja.

Huo... wangu. Mzuri. Una baridi.

Umekwenda tena. Uko kwa nani sasa? Sioni vizuri. Siusikii. Ama umewafikia wenzio, ama umeacha kupepea. Usiniambie, mama. Acha ningoje.