Santuri Sitini na Moja za Mzee Obita

Mimi ni Ayaa, mtoto wake wa kwanza. Karatasi mliyopewa hapo langoni ina mistari minne ya kamati ya mazishi, inayosema marehemu alikuwa fundi kufuli mwenye bidii. Si uongo, ila mtu mwenyewe hayumo. Huu ndio wasifu niliouandika mimi, na nitausoma wote, hata nikionyeshwa saa.

Mzee Celestino Obita alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala, mtoto wa pili wa Konstebo Okot na Mama Akot, watu wa Kitgum. Walikaa chumba kimoja. Bibi alisema Obita alijifunza kunyamaza mapema, kwa sababu jirani wa ukuta alikuwa sajenti.

Alisoma shule ya msingi kambini, kisha sekondari mjini hadi mwaka 1972. Mwalimu wake wa fizikia, Mwalimu Pinto, Mwasia wa asili ya Goa mzaliwa wa Entebbe, alikuwa akiwapigia wanafunzi santuri za roki, ule muziki wa magitaa ya umeme, kila Jumamosi baada ya usafi. Mwaka ule Waasia walipewa siku tisini waondoke nchini. Mwalimu Pinto alimwachia Obita gramafoni na sanduku la santuri sitini na moja, kila jalada likiwa na jina la mwalimu pembeni kwa wino. Alimwambia, "Nitunzie. Narudi." Hakurudi, na hatujui hata kama alifika alikokwenda. Aliyeachiwa mzigo huo alikuwa na miaka kumi na saba.

Mwaka 1984 marehemu alikodi vyumba viwili Kisenyi, katikati ya magereji, akitaka kuwarekodia watu kanda za roki. Alimwagiza mchoraji wa vibao aandike OBITA ROCK. Mchoraji alikuwa Muganda, akaandika kama ulimi wake ulivyotamka: OBITA LOCK. Yaani Obita wa kufuli. Marehemu alipolalamika alijibiwa, "Ssebo, bwana wangu, si ni ile ile tu? Watu watajua." Kweli walijua. Kesho yake mama mmoja Msomali alileta makufuli matatu ya stoo yake, na marehemu akaona haya kumrudisha. Alihangaika nayo mpaka alasiri, yakafunguka. Kwa miaka arobaini na moja tumekula, tumevaa na kusomeshwa kwa kosa la herufi moja. Roki ilihamia chumba cha nyuma, na mlangoni akatia kufuli alilolitengeneza kwa mikono yake.

Tarehe 8 Agosti 1987 alimwoa mama yetu Zuleika binti Abdul-Latif, Mnubi wa Bombo, mbele ya msajili wa serikali, kwani hakuna aliyetaka kumwachisha mwenzake dini. Mama hakuupenda muziki ule. Alisema gereji za nje zinatosha. Lakini alipojua sanduku si la mumewe, alisema, "Obita, kama akiba haiozi, amana itaozaje? Tunza." Tangu hapo alilifuta vumbi yeye mwenyewe.

Sisi watoto tuliona haya. Baba mzima, mvi kichwani, anatikisa kichwa kwa magitaa ya Wazungu wenye nywele ndefu! Hatukukaa naye hata Jumamosi moja akipiga santuri. Waliokaa ni watoto wa wenzetu. Alianza Sumayiya, anayeuza makava ya simu pale jirani, akaja Victoire Mkongo na gitaa lake, kisha wakajaa hadi mlangoni. Marehemu aliwauliza, "Nyimbo hizi zimewazidi umri. Mnatafuta nini humu?" Victoire alisema anapenda kusikia kidole kikiteleza kwenye waya na kosa likaachwa palepale. Sumayiya alisema, "Mzee, miziki ya sasa inaniambia nicheze tu, hata siku mimi sina raha. Hawa watu yako wanakasirika mzuri." Marehemu alilirudia neno hilo nyumbani kwa wiki nzima, nasi tukamcheka.

Sukari ilimshika miguu mwezi wa Juni mwaka huu. Tarehe 20 Oktoba alilazwa. Alinipa ufunguo wa chumba cha nyuma akasema, "Usimpe mtu." Mdogo wangu Ogwang alitaka chumba hicho kiwe stoo ya matairi yake. Alinipigia simu. Nilimwambia, "Fanya unavyoona, mimi niko kazini." Kufuli la Baba lilimshinda, likawashinda na mafundi wawili, basi wakang'oa mlango mzima. Santuri zilipakiwa mkokotenini kama taka. Siku tatu baadaye nilimkuta mama wa mihogo katika soko la Kalerwe akipepea sigiri ya makaa kwa jalada lenye jina la Pinto. Santuri yenyewe ilifunika ndoo yake ya maji. Nilisimama pale, nikanunua muhogo, nikaondoka. Najichukia kwa muhogo ule.

Baba aliomba nimletee santuri moja tu. Nikasema nimesahau ufunguo. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Siku ya tatu akasema, "Leta kufuli lenyewe, nitalifungua hapa kitandani." Alinitazama, akageukia ukuta, akauliza, "Pinto nitamwambia nini?" Hakuongea nami tena. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Zuleika. Watoto watatu, Ayaa, Ogwang na Lailah. Na wajukuu watano. Kamati iliniambia niishie hapo. Siishii. Ameacha pia Sumayiya, Victoire na wenzao kumi na wawili, waliosimama nje ya uzio kwa kuwa tulisema viti ni vya familia. Hawa wamezunguka Kalerwe siku nne, kibanda kwa kibanda, wakiomba. Wamepata santuri saba. Ogwang, simama. Mpe Sumayiya kiti chako.

Sumayiya, ufunguo huu hapa. Mlango haupo, lakini shika.

Baba, Mungu akupumzishe. Ukimkuta Mwalimu Pinto, mwambie zimebaki saba. Akiuliza nani alizipoteza, usinifiche. Nitaje kwa jina.