Sarafu Zipigwe Msasa

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, mgeni wetu rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Ndugu Afisa Elimu Kata, Mkuu wangu wa shule Mwalimu Benedikto, masheikh na wachungaji mlioketi safu ya mbele, walimu wenzangu, wazazi wa Gongo la Mboto, na ninyi wanafunzi mnaochomwa na jua huko nje ya turubai, wakati humu ndani viti kumi na viwili viko wazi vikiwasubiri wageni ambao hawaji. Njooni mkae. Ndiyo, sasa hivi. Madam Loveness, waache wakae. Itifaki tutaizingatia wakishakaa.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi, na nne kati ya hizo amezitumia mwenyewe kunitambulisha. Amesema mimi ni nguzo, amesema mimi ni hazina, amesema mimi ni mama wa sayansi. Jamani. Mimi ni Demetria, mwalimu wa kemia. Nimefundisha shule hii miaka ishirini na sita, leo natimiza miaka sitini, na leo ninastaafu. Hayo yanatosha.

Nimeombwa niseme machache kuhusu sarafu nilizoikabidhi shule, zile kumi na nane zilizomo kwenye kabati la kioo ambalo Mheshimiwa amelikatia utepe sasa hivi. Nimeombwa nieleze zimetengenezwa kwa madini gani na kwa nini zinaonekana zinavyoonekana. Nitaeleza. Ila mnivumilie, kwa sababu tangu Jumatatu nina hasira, na mpaka leo asubuhi sikuwa nimejua ni hasira ya kumkasirikia nani.

Sarafu hizi si za kununulia vitumbua. Wanaozikusanya wanaziita prufu. Zimepigwa chapa kwa ajili ya kutazamwa, si kwa ajili ya kutumiwa. Kipande cha madini kinasuguliwa kwanza mpaka kiwe laini, chapa yenyewe nayo inang'arishwa, halafu kipande kinagongwa kwa chapa hiyo mara mbili au zaidi, kwa nguvu kubwa, mpaka mstari mdogo kabisa wa mchoro utokeze. Sarafu inayotoka hapo ina sura mbili. Uwanja wake, yaani ile sehemu tupu, unakuwa kioo. Dada zangu, unaweza kupaka wanja kwa kujitazama humo. Lakini mchoro, uwe wa twiga au wa kichwa cha mtu, unakuwa mweupe wenye ukungu, haung'ai hata kidogo. Ukungu huo umewekwa makusudi. Wazazi, narudia: umewekwa makusudi! Chapa imeparuzwa pale penye mchoro ili mnyama aonekane ameinuka juu ya kioo. Ukiutoa ukungu huo umetoa madini yenyewe, na hakuna dawa wala maombi yatakayourudisha.

Twiga wetu yule wa shilingi ishirini na tano ni wa mwaka 1974. Twiga wa kawaida wa mwaka huo, ambaye si prufu, nusu yake tu ndiyo fedha. Huyu wetu, katika kila sehemu elfu moja, sehemu mia tisa ishirini na tano ni fedha, na iliyobaki ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno. Zipo na nyingine pale kabatini ambazo robo tatu yake ni shaba na robo ni nikeli, na bado ni nyeupe. Kila mwaka nilikuwa nawauliza kidato cha tatu: shaba imekwenda wapi? Wanakodoa macho. Hapo ndipo somo la aloi, yaani metali zilizochanganywa, linapoanza, na hapo ndipo mtoto anaacha kukariri na kuanza kuuliza. Kwa hiyo, mnaoniuliza kwa nini mwalimu wa kawaida alihangaika miaka yote hiyo kwa masonara na kwa watu waliokuwa wakihama nchi, akibembeleza kipande kimoja kimoja, jibu ndilo hilo.

Mzazi mmoja jana alinisimamisha getini. "Mwalimu, samahani, humo kwenye kabati kuna fedha ngapi?" Nikamwambia, tisini na mbili na nusu. Akauliza, "Elfu?" Nikasema, asilimia. Akaniangalia kwa huruma, akaenda zake.

Sasa, Mheshimiwa Diwani. Ulipokuwa mbele ya lile kabati nilikusikia ukisema, "Hizi kweli zimetunzwa, zinang'aa zote!" Watu wakapiga makofi. Mkuu wa shule akapiga makofi. Wajumbe wa kamati ya maandalizi wakapiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu, na mimi nikawa natazama viatu vyangu. Je, katika watu wote wale hapakuwa na hata mmoja wa kukwambia ukweli? Mheshimiwa, zinang'aa zote kwa sababu zimepigwa msasa. Sisemi kwa mafumbo. Nasema msasa, karatasi ya fundi seremala.

Tulieni. Tulieni, sijamaliza.

Jumatatu asubuhi niliingia maabara nikamkuta Bwana Mwinjuma, mhudumu wetu wa shule, ambaye wengi wenu mnamfahamu, maana ndiye anayewafungulia geti. Amesimama amefurahi. Mbele yake ametandika kanga safi, na juu ya kanga sarafu kumi na nane, zimetolewa kwenye vikasha vyake vya plastiki, zimepangwa kwa ukubwa.

"Mwalimu, kazi yako tayari. Huyu twiga alinitesa, alikuwa na ukoga mweupe mwili mzima, lakini nimeung'oa."

Nikamuuliza, Mwinjuma, umefanya nini?

"Si zipigwe msasa? Nilianza na namba mia na ishirini, nikamalizia na ile laini. Halafu nikazifuta na mafuta ya nazi. Mbona unakaa chini, Mwalimu? Sakafu ina vumbi hapo."

Nilikaa chini, ndiyo. Twiga hana shingo tena, ana alama ya mahali shingo ilipokuwa. Ule uwanja uliokuwa kioo una mikwaruzo ya kuzunguka, kwa sababu Mwinjuma ni mtu makini na alisugua kwa kuzungusha, upande wa mbele na upande wa nyuma, bila kuruka hata moja. Mngejua nilivyotamani siku hiyo angekuwa mvivu!

Na shule ikafanyaje? Kamati ilikaa kwa dharura. Mmoja alisema tuahirishe sherehe, akaambiwa turubai limeshalipiwa. Mwingine, na simtaji, ila amevaa kitenge cha njano na sasa hivi anajipepea kwa ratiba, akapendekeza tuzipulizie rangi ya silva, ile inayopakwa mageti. Silva juu ya fedha! Kidato cha pili wangecheka. Mwisho ikaamuliwa kwamba mgeni rasmi hatajua tofauti. Ndivyo tulivyokuthamini, Mheshimiwa.

Na jana bodi ikakaa kuhusu Mwinjuma. Uharibifu wa mali ya shule. Miaka kumi na tisa anafagia, anafunga mabomba, anazibua vyoo ambavyo sisi wenye shahada tunavipita tumeziba pua, na kikao chake kilikwisha kabla chai haijapoa. Aliulizwa swali moja: nani alikuagiza? Akasema, "Nilielewa vibaya." Basi. Nikaitwa mimi kama mtoa sarafu, nikaulizwa kama ni kweli hakuelewa maagizo. Nikajibu, ni kweli, hakuelewa. Nikaondoka nikiwa na hasira naye, na nikiwa nimeonewa, au ndivyo nilivyojiambia. Barua ya kumwachisha kazi imeshachapwa. Iko mezani kwa Mkuu wa shule, inasubiri tumalize kula pilau.

Leo asubuhi Mwinjuma alinifuata kwenye korido, akanipa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. "Chukua Mwalimu, wasije wakakiona kwangu." Nimekifungua. Naomba nikisome, ni kifupi. "Sarafu zipigwe msasa kabla ya Alhamisi. Mgeni rasmi asikute kasoro." Chini pameandikwa D. Mwandiko huu, ninyi niliowasahihishia madaftari mnaujua.

Nilikiandika Ijumaa iliyopita, nikakiacha kwenye meza ya kamati, na kamati ikampa Mwinjuma. Nilikuwa na maana ya vile vikaratasi vya maelezo vya kuwekwa kando ya kila sarafu: herufi zisahihishwe, tarehe zihakikiwe, mpangilio utazamwe. Si ndivyo tunavyosema siku hizi? Walimu wanapigwa msasa Kibaha, wenyeviti wa mitaa wanapigwa msasa, hotuba inapigwa msasa, mpaka tumesahau kwamba msasa ni kitu, kinauzwa dukani, kina namba mgongoni. Mwinjuma hakusahau. Alisoma nilichoandika akafanya nilichoandika, tena kwa msasa alioununua mwenyewe. Na mimi je? Mimi niliyewakata alama watoto wenu kwa kuandika "asidi" bila kutaja asidi gani! Mimi niliyesema miaka ishirini na sita kwamba neno moja likikosewa maabara inaungua! Niliandika maneno kumi tu, nikayakosea, na nikakaa kimya siku nne. Kwa sababu nilisahau? Hapana. Nilikumbuka Jumatatu ile ile, nikiwa bado sakafuni.

Nilimuuliza leo, Mwinjuma, kwa nini hukuwaonyesha bodi? Akanijibu, "Mwalimu, wewe wanakuaga Alhamisi. Ningekuumbua mbele za watu? Mie kazi nitatafuta."

Nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka na sherehe za namna hii, nimechoka na makofi, lakini leo nimechoka zaidi na Demetria. Sarafu zile zimekwisha na nimezililia vya kutosha. Zibaki kabatini, zitafundisha aloi hata bila sura, na msizipulizie rangi. Mwinjuma hajaisha. Mwinjuma yuko pale nyuma, karibu na jenereta, na nawaomba mgeuke mumtazame, maana tangu asubuhi hakuna aliyempa kiti.

Bwana Mwinjuma, nilikukosea. Jana nilikuacha usulubiwe kwa kosa langu huku nikijua. Naomba unisamehe, na naomba hapa, mbele ya hawa hawa uliotaka wasinione nikiumbuka.

Mwenyekiti wa Bodi, utumishi wangu unakwisha leo saa tisa na nusu, ofisi ikifungwa. Sasa hivi ni saa sita kasorobo. Kwa hiyo kwa saa tatu na dakika arobaini na tano zijazo mimi bado ni mtumishi wa shule hii: nakosea, nahojiwa, naadhibiwa. Baada ya hapo nitakuwa bibi mmoja wa Gongo la Mboto mwenye jokofu jipya la zawadi, na hamtaweza kunifanya lolote. Akidi ya kikao chenu ni wajumbe watano. Nimewahesabu hapo mlipokaa, mko saba. Pilau inaweza kusubiri. Barua ile ichanwe, iandikwe nyingine, na jina litakaloandikwa humo liwe langu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wageni waalikwa, wazazi, watoto wangu, nawashukuru kwa zawadi, kwa miaka yote, na kwa kunivumilia kwa masikio yenu hadi hapa. Nimemaliza. Mwalimu Benedikto, nyanyuka, tukafungue ofisi. Na wewe Mwinjuma, njoo, leo funguo za geti mpe mtu mwingine.