Boksi Iliyoanguka Sindo

Wachungaji, wazee wa Kegonga, na nyinyi mliotoka Sindo, poleni na safari. Mimi ni Nyangi, kifungua mimba wa marehemu, fundi wa stima kama yeye, na nitasoma yote, hata lile alilonikataza kulisema.

Baba yetu, Jeremiah Bichage, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa Kegonga, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi 1981, kisha akajifunza ufundi wa stima Homa Bay, akahitimu Novemba 1986. Alifanya kazi Migori, Osiri na Sindo, na huko Sindo akamwoa mama yetu, Risper, tarehe 6 Agosti 1994, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Oliver na Jared.

Mliomwajiri mnajua alivyosumbua. Kabla ya kufunga boksi ya mita au taa ya nje, aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, tofali baada ya tofali, akitega sikio, maana nyumba zetu nyingi tofali zake huunganishwa kwa udongo, saruji ikapakwa kwenye viungo kwa nje tu, na skrubu ikiingia hapo haishiki kitu. Yeye alitoboa katikati ya tofali zima, akafunga, kisha akaning'inia kwenye boksi kwa mikono miwili, na kilo zake tisini, mwenye nyumba akipiga mayowe.

Aprili 2017 boksi ya duka la samaki la Mama Ruqia, Sindo, ilianguka wakati wa mvua, stima ikampiga, mkono wake wa kulia ukaungua, na baba akasimama mbele ya soko zima akasema kazi ni yake. Wakamwita mlevi, mtu asiyeonja hata busaa, na Sindo hakuitwa tena. Jamani, boksi ile niliifunga mimi. Nilikuwa na haraka, sikugonga, nikatoboa kwenye kiungo. Alisema mimi bado nina kazi ya miaka mingi mbele yangu, ninyamaze, nami nikanyamaza miaka minane, na inaniuma kuliko kifo chenyewe. Mama Ruqia, nakuona pale, nisamehe, na watu wa Sindo, mrudishieni baba jina lake.

Aliugua figo tangu Januari 2024, akatuacha Alhamisi, tarehe 24 Julai 2025, mjini Migori. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake waliochimba kaburi.

Boksi inayowasha spika hizi niliifunga jana kwenye ukuta wa nyumba yake. Niligonga kila tofali, kisha nikaning'inia kwa mikono miwili. Imeshika, Baba. Sasa pumzika.