Uzamivu wa Milimani

Garimoshi lilikawia njiani, nami mle behewani nikapata umbea wa bure. Binti mwenye miwani alikuwa akimwambia fundi cherehani aliyeketi naye kwamba lazima leo achague mji wa kwenda kusomea uzamivu, ile shahada ya juu kabisa: pwani, ambako kodi za nyumba zinaua, au milimani, ambako vyumba ni bwerere ila baridi haina adabu.

“Milimani?” Nusura kichwa cha cherehani kimponyoke fundi mapajani. “Mwanangu, utazamia wapi kule?”

“Ni kusoma tu, baba. Unazama vitabuni.”

“Vitabu vyenyewe viko chini ya maji? Nenda pwani. Samaki hajengi mlimani.” Methali hiyo nadhani aliishona palepale.

“Lakini milimani nina mwenyeji. Dada yangu alikwenda kwa uzamivu huohuo, mwaka wa saba huu.”

“Na hajaibuka?”

Binti akashusha pumzi. “Bado, baba.”

Garimoshi likasimama. Watu wakaanza kushuka, lakini fundi alivua kofia kwanza, akaibana kifuani. “Poleni sana, mwanangu. Mwili mliupata?”