Utepe Mwekundu wa Mama Subiri

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha uchapaji, Mama Subiri anavua aproni yake ya bluu kwa mara ya mwisho. Jina la kwenye kitambulisho tumelisahau, na ukimwita kwalo hageuki.

Alianzia meza ya kukunja karatasi, kile chumba cha nyuma chenye dirisha lisilofungika, kisha akahamia mashine ya kukata. Huko ndiko alikolipata jina. Subiri kwanza nikaze nati. Subiri kwanza umalize kutafuna. Inasemekana hata kwenye harusi ya bintiye alimsimamisha mpiga picha ili akague waya wa taa.

Mfukoni alitembea na utepe mwekundu, kipande cha gauni lake kuukuu. Mashine ikileta hitilafu, aliufunga kwenye swichi, na haukuguswa na mtu mpaka fundi atengeneze na yeye aridhike.

Sasa niseme langu. Mashine ya kukata ina vitufe viwili. Kisu hakishuki mpaka uvibonyeze kwa mikono yote miwili. Mimi, enzi hizo mwenye akili nyingi na nywele pia, nilichomeka kabari ya mbao kwenye kitufe kimoja ili mkono mmoja ubaki huru kupanga karatasi. Kazi ikaenda mbio, msimamizi akanipigapiga mgongoni. Mama Subiri akaja, akatazama, akafunga utepe. Mashine ikalala siku mbili, katikati ya msimu wa vitabu vya shule.

Akapewa barua ya onyo la mwisho, eti kwa kuzuia uzalishaji. Nilipoulizwa kama kabari ilikuwepo, nilijibu kwamba sikumbuki. Ilikuwa mfukoni mwangu.

Hakuninunia. Aliniambia tu, "Haya, mdogo wangu, ukikumbuka utaniambia," akaendelea kunimiminia chai kwa miaka kumi na tisa. Kifungu cha sheria kinachokataza kumwadhibu mfanyakazi aliyetoa taarifa ya hatari alikinakili kwa mkono, akakibandika juu ya birika, mahali ambapo kila mtu lazima asimame. Wageni kazini walikijua kabla ya kujua choo kiko wapi.

Mwezi uliopita tulimuuliza anataka zawadi gani. Tulidhani atasema jokofu. Akasema anataka faili safi. Hawezi kuondoka huku barua ile ingali imo. Ofisi ikasema bila shahidi haiwezekani.

Basi nikakumbuka. Niliandika kurasa mbili, nikaambatanisha na kabari yenyewe, ambayo mke wangu alikuwa akizuilia mlango wa jikoni. Jumatano onyo lilifutwa rasmi, kwa maandishi, na nakala akakabidhiwa mkononi. Aliisoma mara mbili, akanitazama juu ya miwani, akasema nimechelewa mno, chai yangu imeshapoa. Kisha akanimiminia nyingine.

Utepe amemwachia binti mpya wa mashine ya kukata. Mimi hata sikufikiriwa, na sikushangaa.

Mama Subiri, ahsante kwa kila dakika uliyotuchelewesha. Tunakutakia afya tele na asubuhi ndefu zisizo na king'ora. Haya yote nimeyachapa kwa vidole kumi, na vyote kumi vinakushukuru.