Karatasi Ilisema Nimepona

Ndugu zangu, mwenyekiti wa kikundi chetu kaniambia niongee kwa upole. Nitajaribu, ila sitoi ahadi, maana jambo hili hata leo bado linaniuma. Mie ni fundi cherehani hapa Manzese, wengi mnanijua kwa sare za shule. Nataka niwaambie jinsi nilivyopimwa nikaonekana nimepona, wakati ndani nilikuwa nimekwisha.

Binti yangu wa kwanza alifariki akiwa na miaka ishirini na mbili. Homa ya siku nne tu. Baada ya arobaini watu walirudi makwao, nami nikabaki na cherehani nisiyoigusa. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao havijakatwa, wengine wakinisema vibaya nasikia. Hata kuoga nilikuwa nakumbushwa na mdogo wangu. Na niseme wazi, kwa kuwa humu tumekubaliana kusema: nilikuwa natamani nisiamke.

Ndipo wakaja watu wa utafiti pale kituo cha afya. Walitaka kujua kama vikao vya mazungumzo, wiki kumi, vinamsaidia mama aliyefiwa. Tukaokota vikaratasi kwenye ndoo. Nusu waanze vikao, nusu wasubiri miezi sita ndipo wapate zamu yao. Mie niliokota kusubiri. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa anauza kashata karibu na kituo cha mwendokasi, naye aliokota kusubiri. Akanishika mkono, akasema tuvumilie, zamu yetu itafika.

Kabla ya kuanza tulipimwa. Alinipima nesi mmoja, mtu mzima mwenzangu, chumbani, mlango umefungwa. Maswali kumi na tano. Huzuni inakujia mara ngapi kwa wiki, usingizi unapata au hupati, umewahi kufikiria ni bora usiwepo. Nililia, nikamwambia yote. Akaandika.

Miezi sita niliihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Ilipoisha wakarudi kutupima tena, kabla ya kutupa zamu yetu. Ila safari hii, ili kazi iende haraka, walimtuma binti wa chuo awafuate watu majumbani. Alinikuta uwani, wapangaji wenzangu wanafua, mmoja anamenya vitunguu hatua mbili kutoka nilipokaa. Akapiga goti kidogo, akanipa shikamoo. Umri wa mwanangu kabisa.

Sasa nyie ni wazazi, niambieni. Mtoto wa watu kakupa shikamoo, umemwitikia marahaba, halafu anakuuliza, mama, wiki hii umejisikiaje. Utamwambia hutaki kuishi? Na mama wa vitunguu anasikia? Nilijibu kama nilivyolelewa. Nikasema salama, mwanangu, namshukuru Mungu. Usingizi? Napata. Huzuni? Ya kawaida tu. Maswali yote kumi na tano, salama, salama. Hata maji ya kunywa nilimpa. Alipoondoka nikarudi kulala, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Baada ya wiki chache tukaitwa ofisi ya serikali ya mtaa kusomewa majibu. Mkuu wa utafiti akabandika ukutani karatasi yenye mistari miwili ya huzuni yetu, inayoshuka. Huu wa waliopata vikao, huu wa waliosubiri, yote imeshuka sawasawa. Akasema, tena kwa furaha, kwamba hata waliosubiri wamepona wenyewe, muda umewaponya. Kwa hiyo vikao havikuleta tofauti yoyote, na havitaendelea. Zamu yetu ikafutwa pale pale. Watu wakapiga makofi. Na mie nilipiga, jamani, kabla akili haijanirudia.

Mwenzangu wa kashata alikuwa kakaa kando yangu. Yeye hakupiga. Aliniinamia akasema kwa sauti ndogo kwamba alipoulizwa na yule binti, alijibu salama. Basi. Hasira zilinipanda kuanzia miguuni. Sijawahi kumkatisha msomi maishani mwangu, ila siku ile nilisimama.

"Huyu binti hakuniuliza," nikamwambia mkuu, nikimwonyesha yule binti aliyesimama nyuma yake. "Alinisalimia. Nami nikaitikia salamu."

Akanijibu kwamba maswali yale yametumika nchi nyingi na yanatoa majibu yale yale kila yakirudiwa. Jamani, mie nashona mwaka wa ishirini huu. Futi yangu ya kupimia haina kosa hata kidogo. Lakini ukimpima mteja juu ya koti, utapata namba ile ile hata ukirudia mara kumi, na gauni litampwaya. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, mara ya kwanza kanipima mtu mzima chumbani, mara ya pili mtoto mbele ya majirani, halafu mstari ukishuka unasema mimi ndiye niliyebadilika?

Kisha mama mmoja nyuma akasema naye alijibu salama. Na mwingine, na mwingine. Yule binti akaanza kulia, na kwake hasira zangu zikaishia pale, maana alifanya alichotumwa. Mkubwa wake alisema atalifikiria. Huyo bado sijamsamehe, na msiniombe leo.

Binti alinifuata nyumbani akanieleza kwamba jambo hilo lina jina kwenye kazi yao, uhalali wa kipimo: je, kinapima kweli kile unachodai kinapima? Chao kilikuwa kinapima adabu yetu. Alilipeleka chuoni kwa maandishi, akagombana na mkubwa wake, mpaka tukapimwa upya, makundi yote mawili, na nesi yule yule, mlango umefungwa. Safari hii, juu ya yale maswali kumi na tano, aliuliza jana nilikula nini, wiki hii nimeshona nguo ngapi. Mstari wetu ukarudi juu kulekule ulikoanzia. Wa wenzetu ukabaki chini. Vikao vilikuwa vinasaidia muda wote ule.

Nilipata zamu yangu. Wiki ya saba nilikaa kwenye cherehani, nikashona sketi moja, nikalia, nikashona ya pili. Namshukuru yule nesi, namshukuru binti, namshukuru mdogo wangu aliyekuwa ananichotea maji ya kuoga. Na nyie mnaokuja kutuuliza maswali na makaratasi yenu, nawaambia: kabla hamjaandika jibu, jiulizeni mmepima nini.

Lakini ili tupimwe upya ilichukua miezi minne. Mwenzangu wa kashata hakuweza kungoja, akarudi kwao kusini, na simu yake haipatikani. Kwenye karatasi ile ya kwanza, yeye amepona. Kama kuna mtu humu anakwenda upande huo, namwomba amtafute. Huyo mwenzangu atamwambia yuko salama. Asikubali. Akae naye chini, afunge mlango, amwambie zamu yake imefika.